Programu ya Zamani Imewaka, Sauti Hakuna: Mwongozo wa Kutafuta Tatizo Hatua kwa Hatua

Swali ni lile lile, linabadilika sura tu. "Fundi, sidii ya ensaiklopedia inafunguka, simba anafungua mdomo, lakini kimya." "Programu ya kujifunza Kiingereza inaongea ila muziki wake hautoki." "Sauti inatoka kipande kimoja kisha inajirudia mpaka kompyuta inaganda." Maswali haya yanatoka kwa walimu wa Sengerema waliopewa kompyuta za msaada, kwa wazazi wa Kirumba waliofufua mashine ya kaka mtu, na kwa watu wa Nansio ambao kumfuata fundi mjini Mwanza ni safari ya meli. Wengi wanapouliza tayari wameshaambiwa na mtu wanunue kadi mpya ya sauti.

Usinunue kitu bado. Kadi yenyewe mara nyingi ni nzima. Tatizo huwa ni waya, ni kidhibiti cha sauti kilichofungwa, au ni programu na kadi kutosikilizana. Utalipata ukianzia masikioni mwako na kurudi nyuma: spika, waya, tundu, Windows, kadi, na programu iwe ya mwisho. Watu wengi huanza na programu. Wanaifuta, wanaipandisha upya, wanaifuta tena, kumbe spika ilikuwa imewekwa upande wa redio.

Mwongozo huu ni wa mashine za Windows 95, 98 na XP, pamoja na programu zilizokuja kabla yake za DOS, ule mfumo wa skrini nyeusi wa kuandika amri. Kama una programu ya zamani lakini kompyuta ni mpya, pitia hatua ya 1 mpaka ya 3 haraka kisha uruke hadi hatua ya 8.

Vitu vya kuwa navyo kabla hujaanza

- Hedifoni za kawaida zenye pini ya milimita 3.5. Hizi ndizo kipimo chako kikuu.
- Simu yenye tundu la hedifoni.
- Bisibisi ya nyota, brashi laini ya rangi ambayo haijawahi kugusa rangi, na ufutio mweupe wa penseli.
- Sidii halisi ya programu. Nakala ya mafolda kwenye flashi haitoshi, na sababu yake utaiona hatua ya 4.
- Draiva ya kadi, yaani programu ndogo inayoifanya Windows iielewe kadi, kama ipo. Kwa Windows 98 iwe kwenye sidii, kwa sababu Windows 98 haiitambui flashi mpaka uipe draiva ya flashi yenyewe.
- Daftari na kalamu. Kila namba utakayoibadilisha, andika ilikuwa ngapi kabla.
- Umeme unaotulia. Ukikatika katikati ya kupandisha draiva kwenye Windows 98, unaweza kulala na kazi ya kupandisha Windows nzima upya.

Hatua

1. Ipime spika bila kompyuta. Chomoa waya wa spika kwenye kompyuta, uchomeke kwenye simu, piga wimbo. Kama unatumia sabufa, angalia kwanza imewekwa upande gani. Sabufa nyingi zikizimwa na kuwashwa hurudi kwenye bluetooth au redio, na usipobonyeza mpaka zifike AUX hazitasikiliza waya hata kidogo. Umeme wa huku kwetu ukikatika na kurudi, sabufa imeshahama na wewe huna habari.

Wimbo wa simu ukisikika, spika na waya ni vizima. Usiposikika, tatizo umeshalipata na kompyuta haina kosa.

2. Chomeka kwenye tundu sahihi. Kwenye mashine za kuanzia takriban mwaka 1999, tundu la spika ni la kijani. La waridi ni la maikrofoni, la bluu ni la kuingiza sauti kutoka nje. Kadi za kabla ya hapo zina matundu yasiyo na rangi na vichoro vidogo vilivyochongwa kwenye bati, ambavyo havionekani mpaka umulike na tochi ya simu. Kama huvioni, weka hedifoni, piga sauti yoyote, jaribu tundu moja baada ya jingine. Hedifoni usizivae masikioni wakati huo. Zishike mkononi karibu na sikio, maana baadhi ya kadi za miaka ya tisini zina kikuza sauti ndani yake na zinaweza kukupigia kelele kubwa ghafla.

3. Fungua vidhibiti vya sauti vyote, hata vilivyofichwa. Bofya mara mbili alama ya spika karibu na saa. Utaona safu za vidhibiti: cha jumla, Wave, cha MIDI (maana yake iko hatua ya 4) ambacho mara nyingine huitwa SW Synth, CD Audio, na kadhalika. Ondoa tiki kwenye kila kisanduku cha Mute na upandishe vyote mpaka robo tatu. Kisha nenda Options, halafu Properties, uangalie vidhibiti visivyowekewa tiki. Hapo ndipo CD Audio hupenda kujificha.

Kosa linalojirudia ni mtu kupandisha kidhibiti cha jumla tu na kuona amemaliza. Kila aina ya sauti ina kidhibiti chake.

4. Jaribu sauti za Windows kabla ya programu. Hatua hii usiiruke, kwa sababu ndiyo inayokuonyesha njia ya kufuata.

Programu za zamani hutoa sauti kwa njia tatu tofauti, na programu moja inaweza kutumia zote kwa pamoja. Maneno ya msimulizi na milio ya wanyama huwa mafaili ya wave. Muziki wa chinichini mara nyingi ni MIDI, ambayo haibebi sauti yenyewe ila inaiambia kadi nota za kupiga. Njia ya tatu ni nyimbo zilizorekodiwa kwenye sidii ile ile kama sidii ya muziki ya kawaida, na hizo hupigwa na kisomeo cha sidii chenyewe.

Kwa hiyo pima zote tatu:

- Wave: fungua folda ya Media ndani ya folda ya Windows, bofya chimes.wav au tada.wav.
- MIDI: kwenye folda hiyo hiyo tafuta faili linaloishia na .mid. Windows 95 ina canyon.mid, XP ina onestop.mid.
- Sidii: weka sidii yoyote ya muziki, kwaya au bongo fleva, uipige.

Zote tatu zikiwa kimya, endelea hatua ya 5. Wave na MIDI zikitoka lakini sidii haitoki, ruka hadi hatua ya 6, tatizo ni waya wa ndani. MIDI peke yake ikiwa kimya, fungua Control Panel, ingia Multimedia kwenye Windows 98 au Sounds and Audio Devices kwenye XP, uangalie kifaa gani kimechaguliwa kupiga MIDI. Zote tatu zikitoka na programu yako bado kimya, sasa ndiyo una ruhusa ya kuilaumu programu.

Na hii ndiyo sababu ya kukataa nakala ya flashi. Ukinakili mafolda ya sidii, zile nyimbo za aina ya tatu hazinakiliwi, kwa sababu si mafaili. Programu itafunguka, msimulizi ataongea, muziki hautatoka kamwe, na hakuna draiva duniani itakayoutoa.

5. Angalia kama Windows inaiona kadi. Kwenye Windows 98 ingia Control Panel, System, Device Manager. Kwenye XP bofya My Computer kwa kitufe cha kulia, chagua Manage, kisha Device Manager. Tafuta sehemu ya sauti.

Ukiona alama ya mshangao ya njano, kuna draiva isiyofaa au namba zinazogongana. Ukiona kifaa kisichojulikana chenye alama ya kuuliza, draiva haipo kabisa. Usipakue draiva kwa kubahatisha. Kwenye XP fungua sifa za kifaa hicho, ingia Details, usome herufi zinazoanza na VEN. Namba hizo hutaja kampuni iliyotengeneza: 1102 ni Creative, 8086 ni Intel, 1106 ni VIA. Pamoja na namba ya DEV inayofuata, hizo zinakutajia kifaa kamili, na ndizo za kuandika unapotafuta draiva. Ukitafuta kwa jina lililobandikwa kwenye kasha utapata draiva ya kompyuta nyingine.

Wenye XP kwenye mashine za kuanzia 2005 hivi wana mtego wao. Sauti ya mashine hizo mara nyingi ni ya mfumo wa HD Audio uliotoka 2004, baada ya XP yenyewe. Draiva yake inahitaji kwanza nyongeza ya Microsoft iitwayo KB888111. Ukipandisha draiva bila nyongeza hiyo, inakataa au inapanda na kubaki bubu.

Kama sehemu ya sauti haipo kabisa, washa upya na uingie BIOS, yaani mipangilio ya msingi ya mashine inayofunguka kabla ya Windows. Betri ndogo ya mazabodi (bodi kuu ya kompyuta), ile ya duara CR2032, ikiisha, mipangilio inapotea kila ukizima. Dalili yake ni saa kurudi mwaka wa zamani. Kwenye baadhi ya mashine sauti ya mazabodi nayo inajikuta imezimwa. Badilisha betri, rudisha sauti kwenye Enabled au Auto.

6. Fungua kasha. Zima, chomoa waya wa umeme ukutani, gusa bati la kasha kwa mkono mtupu ili umeme tuli uondoke. Usifanye kazi hii juu ya zulia.

Mashine zilizokaa karibu na ziwa zina uchafu wake. Wale wadudu wadogo wanaopanda kutoka ziwani kama moshi huvutwa na taa usiku, feni inawavuta ndani, na ukifungua unakuta tabaka la kijivu lililoshikana na vumbi na unyevu mpaka limekuwa kama tope kavu. Litoe kwa brashi taratibu, ukianzia juu kwenda chini. Usilipulize kwa mdomo, mate ni maji.

Chomoa kadi ya sauti baada ya kufungua skrubu yake. Tazama meno yake ya rangi ya dhahabu. Yakiwa yamefifia au yana madoa meusi, yasugue kwa ufutio kuelekea nje, pande zote mbili, mpaka yang'ae, kisha pangusa mabaki ya ufutio yasiingie kwenye nafasi ya kadi. Irudishe kwa kuibana sawasawa mbele na nyuma. Kadi iliyoinuka upande mmoja inaweza kuonekana na Windows leo na kupotea kesho.

Sasa tafuta waya mwembamba wenye nyaya tatu au nne, unaotoka nyuma ya kisomeo cha sidii kwenda kwenye kadi ya sauti au mazabodi. Huo ndio unaobeba nyimbo za sidii. Aliyewahi kubadilisha kisomeo chako huenda hakuurudisha, maana kompyuta inasoma sidii vizuri bila huo waya na hakuna anayegundua. Uchomeke mahali palipoandikwa CD IN. Kama huna waya na unatumia XP, fungua Device Manager, ingia kwenye sifa za kisomeo cha sidii, uweke tiki kwenye Enable digital CD audio. Nyimbo zitapita kwenye waya mkubwa wa data na ule mwembamba hutauhitaji.

Ukiwa bado ndani, angalia kapasita za mazabodi, vile vimikebe vidogo vilivyosimama. Vikiwa vimevimba vichwa au vinavuja, hakuna mpangilio utakaokusaidia. Hiyo ni kazi ya fundi mwenye pasi ya risasi.

7. Kwa programu za DOS: linganisha namba. Hapa ndipo watu wengi hukata tamaa, na hakuna haja.

Programu ya DOS haiombi sauti kwa Windows. Inaongea na kadi moja kwa moja, hivyo lazima ijue anwani ya kadi, namba ya IRQ na namba ya DMA, ambayo ni njia ya kupitishia data ya sauti kwenda kwenye kadi. IRQ ni sawa na konda kugonga bodi ya daladala: kadi ikimaliza kupiga kipande inagonga ili iletewe kingine. Ukiiambia programu isikilize namba isiyo yenyewe, kadi inagonga na hakuna anayeitika. Ndiyo maana unasikia kipande kimoja kinajirudia, au kinatoka mara moja kisha kimya.

Kwenye skrini nyeusi ya DOS andika SET ubonyeze Enter. Tafuta mstari kama huu:

SET BLASTER=A220 I5 D1 H5 P330 T6

A ni anwani, I ni IRQ, D ni DMA ya biti 8, H ni DMA ya biti 16, P ni mlango wa MIDI, T ni aina ya kadi. Mfano huo ni mpangilio wa kawaida wa Sound Blaster 16, kadi iliyotoka 1992 na ambayo programu nyingi za wakati ule zilitengenezwa zikiilenga. Mstari usipokuwepo kabisa, uongeze kwenye AUTOEXEC.BAT, faili la amri zinazosomwa kompyuta inapowaka, ukitumia namba za kadi yako. Kwenye Windows 98 utazisoma ndani ya Device Manager, chini ya Resources.

Kisha fungua folda ya programu yako utafute faili la SETUP au INSTALL. Chagua Sound Blaster, uingize namba zile zile. Ikikupa nafasi ya kujaribu, jaribu.

Makosa ya hapa:

- Kubahatisha IRQ 7. Programu za mwanzo kabisa huipendekeza, lakini kwa kawaida 7 ni ya mlango wa printa. Tumia 5, isipokuwa kadi yako yenyewe inasema vinginevyo.
- Kuchagua Sound Blaster 16 ndani ya XP. XP huigiza kadi ya zamani zaidi, aina ya T3, kwa hiyo chagua Sound Blaster ya kawaida.
- Kubadilisha namba tatu kwa mpigo. Badilisha moja, jaribu, andika daftarini.

8. Programu ya zamani kwenye kompyuta mpya. Windows ya biti 64 haiendeshi programu za biti 16, hata ukiweka tiki zote za utangamano. Usihangaike nayo.

Programu ya DOS iendeshe ndani ya DOSBox, ambayo ni ya bure na huigiza Sound Blaster 16. Angalizo moja linalowanasa hata wazoefu: DOSBox kwa kawaida huweka IRQ 7, wala si 5. Ama uiambie programu yako 7, ama ufungue faili la mipangilio ya DOSBox na kuandika irq=5. Sidii iunganishe kwa amri hii, ukibadilisha herufi kulingana na kisomeo chako:

mount d d:\ -t cdrom

Laptopu isiyo na kisomeo, tengeneza nakala ya sidii kwenye mashine nyingine kwa muundo wa BIN na CUE. Muundo wa ISO hauhifadhi zile nyimbo. Kisha:

imgmount d c:\nakala\diski.cue -t iso

Programu ya Windows 95 au 98 ipandishe ndani ya VirtualBox, programu inayoigiza kompyuta nzima ndani ya yako, ukiwa na sidii ya Windows yenyewe. Kwenye mipangilio ya sauti chagua SoundBlaster 16 kwa Windows 95 na 98, na ICH AC97 kwa XP. Mashine ya ndani iwe imezimwa kabisa unapobadilisha. Ikiwa imelazwa tu, haitakuruhusu.

Bado inasumbua? Tafuta dalili yako

*Tundu la nyuma kimya, la mbele halitumiki.* Kwenye mazabodi nyingi za Pentium 4 kuna pini za sauti ya mbele zenye vifuniko viwili vidogo, kimoja pini ya 5 na 6, kingine 9 na 10. Kama tundu la mbele halitumiki na mtu ameving'oa, sauti ya nyuma inakatika. Virudishe.

*Sauti inakatikakatika ndani ya DOSBox.* Bonyeza Ctrl na F11 kupunguza kasi, au Ctrl na F12 kuiongeza, mpaka itulie. Ikigoma, ongeza namba ya prebuffer kwenye faili la mipangilio, kwa mfano hadi 40.

*Video inacheza bila sauti, sauti nyingine zote zipo.* Programu inahitaji kichezeshi cha video cha wakati wake. Tafuta ndani ya sidii folda ya QuickTime au Video for Windows, upandishe toleo lililomo humo. Toleo jipya ulilopakua mara nyingi halitaki mafaili hayo.

*Mvumo mzito usiokoma, hata bila kupiga kitu.* Huo ni umeme wa hertzi 50 unaoingia kwenye sauti. Chomeka kompyuta na sabufa kwenye ekstensheni moja. Kuna mafundi watakaokushauri ukate pini ya athi (ya ardhi) ili mvumo uishe. Utaisha kweli, na bati la kompyuta litabaki bila kinga.

*Sauti inatoka lakini ni ya kukwaruza, kama redio ya mbali.* Sikiliza programu nyingine kwanza. Kama hiyo nyingine ni safi, basi ndivyo ilivyorekodiwa. Ili sidii moja ienee, sauti nyingi za miaka ile ziliwekwa kwa biti 8 na hertzi 11,025, robo tu ya kasi ya sidii ya muziki. Hakuna cha kurekebisha.

*Kila kitu kimepita na kadi bado bubu.* Sasa kadi imekufa. Kabla ya kutoka nyumbani piga picha nafasi za kadi ndani ya kasha: nyeusi ndefu ni ISA, nyeupe fupi kidogo ni PCI, na hazibadilishani. Kwa programu za DOS tafuta ISA, kwa Windows 98 na XP chukua PCI. Ukienda Makoroboi mjini Mwanza au kwa muuza vifaa yeyote wa mitumba, beba hedifoni na sidii yako ya muziki, umwombe aichomeke kadi kwenye mashine yake na usikie pande zote mbili, kushoto na kulia, kabla hujatoa hela. Uliza na draiva hapo hapo. Kadi ya jina geni isiyo na draiva yake, hata akikupunguzia bei, mwachie.